Mabega ya Watoto Wanaotazama Bahari

Mjomba wangu alikuwa na fahali wa kupigana. Asubuhi ya pambano fahali anatolewa zizini na watu wanaimba mbele yake, wengine wanarukaruka na matawi mkononi, na kila mmoja anataka kuwa mbele kwa sababu mbele ndiko kuna sifa. Mimi niliwekwa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya paja lake na kuweka kiganja juu ya nyonga. Mjomba alinifundisha kwamba fahali hageuki na pembe kwanza. Nyama ya mgongo ndiyo inatangulia, inajikunja kidogo kama nguo inayokamuliwa, halafu ndipo kichwa kinafuata. Ukisikia imejikunja, unapiga kelele watu watawanyike. Uso wa fahali huyo akiwa na hasira sijauona hata siku moja. Mgongo tu. Na siku za pambano sikuweza kula chochote asubuhi, mama angeweka obusuma, yaani ugali, na mboga nzuri mbele yangu, naangalia tu.

Fahali alikufa, mjomba akahamia upande wa Lumakanda kulima mahindi, nami nikaenda Shianda kukata miwa. Nilikata miwa miaka mingi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo panga ndilo lilikuwa kalamu yangu, na ukitaka kujua mengi kuhusu miwa njoo tukae siku nzima, kwa sababu kuna miwa inayokata mikono na kuna miwa inayokata mgongo. Mimi ilinikata mgongo. Daktari akasema nisiinamie tena kitu cha chini. Shemeji yangu akanitafutia kazi ya kufagia katika kituo cha walimu mjini Kakamega, na mimi nikajiuliza huyu daktari na huyu shemeji wamewahi kuzungumza kweli, maana kufagia nako ni kuinama.

Najua vijana mnangoja habari ya visukuku vya Pwani. Nafika.

Siku kazi yangu ya kushika mabega ilipoanza, mimi nilikuja kufagia kama kawaida. Chumba kikubwa kilikuwa kimeondolewa meza. Katikati alisimama Bi Mratibu, ndiye mkubwa wa mradi, mwanamke mfupi anayeongea haraka na kuvua viatu akiwa kazini. Kando yake alikaa kijana wa mashine, tulimwitanga Mkufunzi. Walikuwa wameleta watoto wa shule ya jirani kuwajaribu na miwani. Miwani hiyo usifikirie kama hii ya kusomea. Ni kitu kinene kama sanduku dogo, kinafungwa kichwani kwa mkanda na kuziba macho yote, na ndani yake mtoto anaona mahali pengine kabisa. Akigeuka kulia anaona kulia kwa mahali hapo. Akiinua kichwa anaona mbingu ya huko.

Mradi ulikuwa wa kuwafundisha watoto habari za viumbe vya kale kwa kuwapeleka Pwani bila kutoka Kakamega. Basi la kwenda Pwani ni ghali na njia ni ndefu, kwa hivyo Pwani ililetwa kwa hewa.

Msichana mmoja alikuwa amevaa, anacheka, anasema ni kubwa, ni kubwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na ufagio. Nikaona sweta yake imekaza katikati ya mabega. Sijui niliachaje ufagio. Alipoanguka kinyumenyume, kichwa chake kilikuta mkono wangu badala ya sakafu. Baadaye walisema ni wimbi lilimjia.

Bi Mratibu akaniuliza, "Mzee, umejuaje ataanguka?"

"Mgongo ulijikunja, madam."

Mkufunzi akacheka. Bi Mratibu hakucheka. Akatazama sakafu, akatazama kichwa cha mtoto, halafu akasema, "Kesho usije na ufagio."

Hivyo ndivyo nilipata kuwa mshika bega. Naandika hapa kwa ajili ya vijana watakaoifanya kazi hii, kwa sababu naona miwani zinaongezeka na mabega ni yale yale.

Kazi ina adabu zake. Kwanza, unaongea kabla ya kugusa. Mtoto aliye ndani ya miwani yuko ufukweni peke yake, ukimgusa kimya anadhani ni kitu cha baharini. Unasema, "Ni mimi, Kuka," na Kuka kwetu ni babu, ndipo unaweka mkono. Pili, mkono uwe na joto. Asubuhi za baridi nilikuwanga nashika kikombe cha chai kwanza. Tatu, ni bega tu, na mwalimu wa kike awe chumbani wakati wote. Hilo Bi Mratibu alilisema mbele ya kila mtu, nami nilifurahi alilisema, kwa sababu mzee kushika watoto wa watu ni jambo linalotaka macho mengi. Nne, husukumi wala huvuti. Unaweka kiganja kama unavyopima moto wa mtoto mgonjwa.

Na mwisho kuna kutua. Miwani ikivuliwa, mtoto hajafika bado. Miguu iko Lumakanda, kichwa kiko Pwani. Unamwambia akanyage kisigino kwa nguvu, atazame kidole chake gumba, ataje jina la mama yake. Akitaja bila kufikiri, ametua. Unamwachilia.

Mimi mwenyewe walinivalisha mara moja, ili nijue. Niliona maji mengi mpaka pale yanapogusana na mbingu, na chini yangu mwamba una mashimo, na miguu yangu haikuwepo. Natazama chini, sina miguu. Nilitapika kwenye ndoo ya Mkufunzi. Sikuvaa tena, na Bi Mratibu hakunilazimisha. Lakini elewa maana yake. Nilikuwa nalinda watoto dhidi ya kitu ambacho sikioni. Mtoto anakunja mgongo, mimi sijui ni wimbi, ni kaa, au ameona tu kitu kizuri. Kila siku ya kazi chakula kilinikataa mpaka mtoto wa mwisho atue. Mke wangu alidhani nina vidonda vya tumbo.

Kituo cha kwanza tulichotumwa kilikuwa Shianda, na nilirudi huko kama mtu mkubwa, ndani ya gari la mradi. Upande wa pili, Pwani, alikuwepo Mwongozaji, bwana mmoja aliyezaliwa huko, anayetembea ufukweni na kamera ya kuona pande zote imefungwa kwenye fimbo ndefu. Sauti yake ilitoka kwenye spika. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka walimu wakaacha kazi zao wasikilize tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kisukuku ni nini, mimi na watoto pamoja. Ni mnyama au mmea uliokufa zamani sana, ukafunikwa na tope au mchanga, na tope lile likageuka jiwe na kuhifadhi umbo lake. Mwamba aliokuwa akitembea juu yake ulikuwa matumbawe, yaani vijidudu vya bahari vinavyojenga nyumba za mawe, vizazi juu ya vizazi. Bahari ilikuwa juu zaidi zamani, halafu ikashuka, ikaacha mji wa wafu hao umesimama mkavu. Kwenye ukuta wa mwamba unaona matabaka, yaani mistari kama ya mkate uliokatwa, na ya chini ndiyo ya zamani.

Lakini kisukuku kwa mtoto wa kwetu ni neno lenye kuku ndani. Siku ya kwanza Shianda darasa zima lilitafuta kuku kwenye mwamba. Kuanzia hapo walituita watu wa ingokho za mawe, yaani kuku wa mawe. Halafu Mwongozaji akasema, "Haya wanangu, tazameni hapa mkono wa kushoto, kombe kubwa limeganda kwenye mwamba." Watoto wakatazama. Nikasikia mabega yanageuka huku na huku.

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, hilo kombe lilichukuliwa na timu gani?"

Halafu Mwongozaji akacheka mpaka kamera ikatikisika na watoto wawili wakapata kizunguzungu. Kombe kwao ni chaza, yule mnyama wa magamba mawili. Kwetu ni kitu cha fedha unachoinua juu baada ya mpira. Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, huku mikono iko kazini. Laiti tungefikiri zaidi siku hiyo. Neno moja lilikuwa limekwenda mahali pawili, na sisi tukaliona ni kichekesho.

Matete hatukucheka sana. Wazazi walikuja shuleni kabla ya somo, wakasimama mlangoni. Walikuwa wamesikia watoto wanaonyeshwa mifupa ya wafu wa kale kwenye sanduku la giza. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono hakumwachilia. Bi Mratibu hakubishana naye. Alivua viatu, akamvalisha mama mwenyewe miwani, nami nikamshika bega kwa ruhusa yake. Mama akageuza kichwa huku na huku. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na huku nani anafagia?" Alipovua aliachilia mkono wa mtoto. Nilipenda swali lile kuliko maswali yote ya walimu.

Sasa Lumakanda. Hapa naenda polepole.

Mwaka ule mto ulikuwa umetoka kwenye kingo zake na kuingia kwenye nyumba za watu wa bondeni. Sisi tulijua kama mtu anavyojua habari ya redio. Shuleni tulivalisha watoto wanne kwa pamoja, mimi na wawili, mwalimu wa kike na wawili. Mmoja wa wangu alikuwa msichana mdogo wa umbo anayeitwa Nafula. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alihesabu matabaka kwa kidole hewani, akamuuliza Mwongozaji kwa nini gamba moja limefunguka na lingine limefungwa, naye akamsifu, akasema lililofungwa lilizikwa likiwa hai. Nikasikia bega lake limelegea vizuri, bega la mtoto aliyefurahi. Nami nikapumua. Nakumbuka nilipumua.

Ndipo Mwongozaji akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema chai imeiva, "Haya jamani, maji yanajaa. Tutoke hapa upesi kidogo."

Mgongo wa Nafula ulijikunja chini ya kiganja changu. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akampata mwenzake wa kando, akamshika, wakakimbia. Walikimbia pamoja ndani ya chumba na macho yamezibwa. Yule mwenzake nilimdaka kiuno. Nafula nilipata sweta, na sweta ikaacha mshono, akaenda akagonga mdomo kwenye kona ya dawati.

Nilimfikia kabla ya Mkufunzi. Nilimvua miwani. Damu ilikuwa nyingi, mdomo hutoa damu nyingi kuliko kidonda chake. Nikamwambia akanyage kisigino, ataje jina la mama yake. Hakulitaja. Alinishika shati akaniambia, "Kuka, tumwite mama. Maji yamejaa."

Mkufunzi alipiga magoti. Alikuwa kijana mwema, msimchukie. Akamwambia, "Nafula, hayo maji yako mbali. Yako Pwani."

Msichana akamtazama na mdomo wake ulivyo. "Hata yale mengine yalikuwa mbali," akasema.

Kwenye spika bado Mwongozaji alikuwa akiita, jamani mko, jamani mnanisikia, na nyuma yake sauti ya bahari. Mwalimu wa kike akaenda akaizima.

Mama yake alikuja akiwa na udongo wa shamba miguuni. Nilitegemea matusi na ningeyapokea. Aliuliza tu, "Mlimpeleka wapi?" Bi Mratibu akamweleza yote, hata neno lenyewe. Mama akasikiliza, akasema ndivyo majirani walivyowaamsha usiku ule wa mafuriko, kwa neno hilo hilo. Meno yalikuwa mazima. Mdomo ulishonwa kidogo, ukapona ukaacha alama ndogo.

Siku iliyofuata Bi Mratibu alimpigia Mwongozaji simu, sisi tumekaa. Mwongozaji alihuzunika sana, lakini pia alikuwa na fahari ya lugha yake. Akasema bahari ina kupwa na kujaa. Kupwa maji yanarudi nyuma, kujaa yanakuja mbele, kila siku tangu dunia iumbwe, na kujaa si hatari kwa mtu anayejua saa yake. Akasema, "Dada yangu, maji kujaa ni neno la kawaida. Kwetu mtoto anayenyonya analijua."

Bi Mratibu akamjibu, "Kwetu nalo ni la kawaida, kaka. Maana yake beba mtoto ukimbie."

Mwongozaji akauliza sasa aseme nini. Mkufunzi akapendekeza bahari inapanda, tukasema hapana, kupanda ni kule kule. Walijaribu maneno mengi. Mwisho Mwongozaji mwenyewe akasema, "Basi nitawaambia bahari inarudi kulala." Na hivyo ndivyo alivyosema kila somo baada ya hapo. Watoto waliipungia mkono, wakaiambia lala salama.

Bi Mratibu akaweka sheria mpya pia. Kila mtoto mwenye miwani awe na mtu wake wa kumshika, mmoja kwa mmoja. Pasipo na mshika bega, miwani haivaliwi. Alizunguka shule zote akawaambia walimu wakuu kwa mdomo wake mwenyewe, na akawaambia wana haki ya kutufukuza tukikosea. Tukaajiri akina mama wa vijijini. Niliwafundisha mimi. Nafula alirudi kwenye miwani muhula uliofuata kwa kutaka kwake. Nilimshika mabega yote mawili. Kabla Mwongozaji hajaanza, Nafula akamwambia, "Wewe ukiona maji, niambie mapema." Mwongozaji akasema, "Nitakuambia kabla hayajajiambia yenyewe, mwanangu."

Hiyo ilikuwa miaka mizuri, ingawa hofu haikuniacha. Watu wanadhani hofu inaisha ukizoea kazi. Mimi nilizoea kazi na hofu ikazoea pamoja nami. Nyumbani nilikuwa namimina chai huku mkono mwingine umekwenda wenyewe kwenye bega la mke wangu, naye anasema, "Niachilie, mimi siendi Pwani."

Halafu Bi Mratibu alihamishwa, na akaja Meneja. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Alikuwa mpole, alitusalimia kila mmoja kwa jina, na shida yake ilikuwa ya kweli: shule nyingi zilitaka na sisi tulifikia chache. Kwa hivyo aliongeza miwani na kupunguza washika bega. Akina mama waliambiwa wakae nyumbani kwa sasa. Nikabaki mimi. Nilimwendea ofisini nikamweleza habari ya Lumakanda. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, hawaanguki ovyo. Nikamwambia Nafula hakuanguka. Alikimbia. Akasema amenielewa. Nadhani kweli aliamini amenielewa.

Leo niko nyumbani, nina ndizi zangu na kuku wangu, wale wa nyama si wa mawe. Wajukuu wananiuliza bahari ikoje na nawaambia sijui, niliiona mara moja nikatapika. Lakini najua mgongo wa mtoto akiona bahari mara ya kwanza. Unapanda polepole chini ya mkono, kama unga unaovimba, halafu unasimama hapo, mtoto anasahau kupumua. Nimeushika mara nyingi kuliko mtu yeyote wa kata hii. Kama ningeulizwa mshahara wa kazi ile ulikuwa nini, ningesema ni huo, ingawa mke wangu angekataa. Vijana, msiwaulize watoto wanaona nini. Ukiuliza, mtoto anageuka kwako, na nyuma yake kuna dawati.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa katika shule moja si mbali na Matete. Meneja alikuja mwenyewe kuona mpango wake mpya. Alikuwa ameleta miwani kumi, na watoto kumi walisimama katika duara la kamba tunayoilaza sakafuni, kila mmoja ameshika miwani yake kwa mikono miwili, wanacheka, wanasukumana. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mtulivu, alisimama mlangoni. Akauliza washika bega wako wapi.

"Tuna huyu mzee," Meneja akasema. "Ana uzoefu. Atazunguka katikati."

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikatazama migongo ile kumi. Nikamwambia Meneja mikono yangu ni miwili. Akasema kwa upole, "Mzee, ni dakika chache tu. Tuanze, watoto wanangoja." Akamwashiria Mkufunzi awashe. Mkufunzi hakunitazama.

Nilifikiri nikibaki, nitakuwa ndiyo sababu ya kuanza. Mtu akiuliza, watasema mzee alikuwepo.

Nikamwendea Mwalimu Mkuu. Nikamwambia, "Mwalimu, kuanzia sasa hakuna mshika bega katika chumba hiki." Akaelewa, maana sheria ya Bi Mratibu alikuwa anaijua. Nikachukua kofia yangu kwenye msumari. Nilipita katikati ya duara kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na mtoto mmoja akanishika mkono wa shati, akauliza, "Kuka, kwani hatuendi?" Nilimtoa mkono taratibu.

Nje jua lilikuwa kali. Nyuma yangu nilimsikia Mwalimu Mkuu akiongea na watoto, na miwani ikiwekwa juu ya meza, moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Meneja akaniita mara moja, "Mzee." Nikavuka uwanja wa mpira, nikatoka langoni, nikashika barabara ya nyumbani, na sikurudi tena.